Sare Bila Pingu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Raia Wanaosaidia Polisi wa Usafiri

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinazunguka kazi moja: ya mtu asiye askari anayeangalia usalama na huduma mahali watu wanapopandia na kushukia vyombo vya usafiri. Barua iliyochokoza mjadala tumeitanguliza.

SWALI: Shikamooni wahariri. Mdogo wangu anaishi Oakland, Marekani. Ameona tangazo la kazi ya ofisa huduma za jamii kwa polisi wa treni za huko. Anasema hatakuwa askari, ila atavaa sare na kushinda na askari. Mama hataki hata kusikia, anaogopa bunduki. Hiyo ni kazi gani hasa? (Msomaji wa Shangani, Mtwara)

JIBU: Marahaba. Mama ana haki ya kuogopa, lakini kazi hiyo haina bunduki. Treni hizo ni za BART, treni za umeme zinazounganisha San Francisco, Oakland na miji jirani, na zilianza kubeba abiria mwaka 1972. Shirika hilo lina polisi wake. Ndani yao wapo walioapishwa, wenye silaha na mamlaka ya kukamata, na wapo watumishi raia. Ofisa huduma za jamii yumo katika kundi hili la pili.

Anazunguka kwenye maegesho ya stesheni na kuandika faini kwa magari yaliyoegeshwa vibaya. Anafuatilia magari yaliyotelekezwa mpaka yavutwe. Anapokea taarifa za makosa ambayo mtuhumiwa ameshaondoka zake, kama kioo cha gari kilichovunjwa au baiskeli iliyoibwa. Pakitokea ajali anaongoza magari, anashika na kusafirisha vielelezo, na siku akiitwa mahakamani anakwenda kueleza alichokiandika. Kuandika taarifa ya baiskeli hakuhitaji mtu mwenye bastola, kwa hiyo mwenye bastola anabaki huru kwenda panapomhitaji.

Ipo pia historia nyuma yake. Tarehe 1 Januari 2009, kwenye stesheni ya Fruitvale, askari wa BART alimpiga risasi na kumuua kijana Oscar Grant, ambaye hakuwa na silaha. Baada ya hapo shirika liliwekewa mkaguzi huru wa polisi na bodi ya raia ya kupitia malalamiko. Februari 2020 likaanzisha kikundi cha watu wasio na silaha wanaopanda treni, wanaosalimiana na abiria na kuita askari pale tu inapolazimu. Wa kwanza wao walitolewa miongoni mwa maofisa hawa wa huduma za jamii. Uingereza ilikuwa imeshaanza: sheria ya polisi ya mwaka 2002 iliruhusu maofisa wasaidizi wa jamii, na polisi wa reli wa huko nao wanao.

Mdogo wako ajiandae na jambo moja kuliko yote, nalo ni uchunguzi wa maisha yake. Ofisi za polisi za namna hii zinauliza kazi zote za nyuma, anuani zote alizoishi, madeni, na zinawapigia simu watu waliomfahamu. Waombaji wengi hawaangushwi na kosa dogo la zamani, wanaangushwa na kulificha. Kama aliwahi kufukuzwa kazi, aandike kwamba alifukuzwa na aseme kwa nini. Kabla ya kujaza fomu akae chini atengeneze orodha ya tarehe za kila kazi na kila nyumba, maana tarehe zikigongana mchunguzi haoni usahaulifu, anaona uongo.

SWALI: Kazi kama hiyo hapa kwetu ipo? Mwanangu kamaliza kidato cha nne, anapenda mambo ya usalama lakini mafunzo ya jeshi na kwata havimo ndani yake. (Mzazi, Lindi mjini)

JIBU: Mzee wetu, kwa jina hilo haipo. Polisi wa treni ndiyo kabisa: Kusini reli ilifungwa mwaka 1962 na haijarudi. Usafiri wetu ni basi, bajaji, bodaboda, pantoni ya Kitunda pale Lindi na ile ya Msangamkuu pale Mtwara. Lakini kazi yenyewe ipo, imegawanywa kwa watu wengi, na kijana anatakiwa ajue kila mmoja anaishia wapi.

Wapo polisi wasaidizi, utawakuta kwenye maeneo kama bandari. Hawa wameapishwa, ila mamlaka yao hayavuki eneo waliloajiriwa kulilinda. Wapo mgambo wanaotumiwa na halmashauri kwenye stendi na masoko. Mgambo aliyepita mafunzo na akiwa zamu anayo mamlaka ya kukamata kwa sheria. Kwa kijana wako hao wote wawili wana kwata, tena ya kutosha. Wapo vijana wa ulinzi shirikishi walio chini ya Polisi Jamii, mpango uliopewa nguvu kuanzia 2006 wakati wa Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema. Hawa ni raia watupu, wanafanya kazi kwa kushirikiana na polisi kata, na mamlaka yao hayazidi ya mwananchi yeyote.

Halafu wapo LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kusimamia usafiri wa ardhini. Wakaguzi wake ni raia. Wanaangalia leseni ya usafirishaji, nauli iliyopangwa, ratiba, na kama dereva wa safari ndefu ana mwenzake wa kupokezana. Kwa maoni yetu hapa ndipo kijana asiyependa kwata angeelekeza macho, ila kidato cha nne peke yake hakimfikishi. Aongeze cheti cha usafirishaji au cha sheria. Wakati anasubiri, ofisi ya stendi, ukatishaji tiketi na kupokea vifurushi ni chuo kizuri: anajifunza nyaraka za gari na tabia za abiria, vitu ambavyo darasani havifundishwi vikaeleweka. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, stendi zina kazi hata saa ambazo zamani zilikuwa za mbwa na walinzi.

SWALI: Niko zamu kwenye stendi ya Mkanaledi. Abiria wakiibiwa wananikimbilia mimi kwanza. Naandika kwenye daftari, lakini nikipeleka kituoni askari anaanza upya, anasema maelezo yangu hayajitoshelezi. Nakosea wapi? (Mlinzi, Mtwara)

JIBU: Kaka, swali lako ndilo tulilolipenda, kwa sababu ndani ya kazi hii yote hakuna chombo kinachoshinda daftari. Tutalijibu polepole.

Anza na daftari lenyewe. Liwe gumu, lenye kurasa zilizoshonwa, si la waya. Kabla hujaandika neno, weka namba kila ukurasa kwa mkono, kuanzia 1 hadi wa mwisho. Ukurasa ukichanwa, namba itakusema, na wakili wa upande wa pili ataiona kabla ya hakimu. Tumia kalamu ya wino, ya risasi hapana. Ukikosea usifute wala usipake ile dawa nyeupe: piga mstari mmoja juu ya neno ili bado lisomeke, andika neno sahihi pembeni, weka saini fupi. Usiache nusu ukurasa mtupu katikati ya siku. Chora mstari wa mshazari kuziba nafasi ili mtu asije akaongeza kitu baadaye.

Sasa saa. Hapa ndipo taarifa nyingi za stendi zinapofia. Abiria anasema "saa mbili", wewe unaandika 2:00, askari anasoma saa nane usiku, na tiketi ya basi inasema 08:00. Watu watatu, maelezo ya saa yanagongana, na mtuhumiwa anatoka. Andika kwa maneno na sehemu ya siku, "saa mbili na dakika kumi asubuhi", kisha weka kwenye mabano saa za tarakimu 24, yaani 08:10. Andika nyakati mbili tofauti: saa tukio lilipotokea na saa taarifa ilipokufikia. Pengo kati ya hizo mbili nalo ni habari.

Kisha mahali. "Stendi" haitoshi. Andika geti lipi, mbele ya ofisi ipi, basi lilikuwa limesimama au linatembea. Chukua namba ya usajili wa basi yote kuanzia ile T, namba ya kiti na namba ya tiketi. Konda akibishana kuhusu abiria alikaa wapi, tiketi ndiyo inayojibu.

Kwenye mali, andika ulichokiona au ulichoambiwa, usiwe sonara. Ukiandika "cheni ya dhahabu" na cheni ikaja kupatikana ni ya shaba, umempa mtuhumiwa mlango. Andika "cheni ya rangi ya dhahabu". Simu andika aina, rangi, ufa ulipo, laini zilizomo na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Abiria wengi hawaijui IMEI yao. Mwambie aangalie boksi la simu au risiti nyumbani. Ni tarakimu 15. Simu ikiwa mkononi, bonyeza *#06# itatokea. Bila namba hiyo, simu nyeusi ni simu nyeusi tu kama zilivyo simu nyeusi zote za Mtwara.

Fedha iliyookotwa ihesabiwe mbele ya watu wawili na iandikwe kwa noti: elfu kumi ngapi, elfu tano ngapi, sarafu ngapi. Jumla peke yake haitoshi, kwa sababu anayekuja kudai ataulizwa zilikuwa noti gani. Weka kwenye bahasha, funga, wote watatu wasaini juu ya mdomo wa bahasha, na andika saa uliyomkabidhi askari na jina lake na namba yake ya kazi. Kielelezo kikipita mikono minne, mikono yote minne iwe kwenye daftari. Mkono mmoja ukikosekana, kielelezo hicho mahakamani hakisimami vizuri.

Mwonekano wa mtuhumiwa uandike kutoka kichwani kwenda miguuni: nywele, uso, urefu ukilinganisha na kitu (alifika usawa wa kioo cha basi), nguo ya juu, ya chini, viatu, alichobeba, upande aliokimbilia. Viatu usiviache. Mwizi wa stendi hubadilisha fulana ndani ya dakika tano, viatu habadilishi.

Maelezo ya mtu yaandike kwa maneno yake. Kama mama amesema "kanichomolea", usigeuze ikawa "aliiba kwa kutumia ujanja". Na kama amesimulia kwa Kimakonde au Kimwera, andika hivyo, taja nani alikutafsiria, na umsomee tena kwa Kiswahili kabla hajaweka saini au dole gumba. Maoni yako ("huyu ni kibaka wa siku zote") yaweke mbali na ukurasa huo. Ukiyaandika, utaulizwa umejuaje, na jibu hutakuwa nalo.

Askari kuanza upya si dharau. Sheria inamtaka achukue maelezo yake na kumpa mlalamikaji namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi. Daftari lako halichukui nafasi ya hayo, linayashikilia yasipinde. Ukifika kituoni mpe ukurasa, usimsimulie kwa kichwa.

SWALI: Mtoto akipotea stendi tufanyeje? Juzi tulikaa naye mmoja hapa genge la chakula mpaka jioni, kila mtu anamtangaza kwa sauti. (Mama lishe, Masasi)

JIBU: Dada, mlifanya vizuri kukaa naye, ila kumtangaza hivyo kuna hatari. Ukipaza sauti "kapatikana mtoto wa kike, gauni jekundu, anaitwa fulani", umempa mtu mbaya majibu yote. Tangazo liseme tu kwamba kuna mtoto amepatikana, mzazi aje ofisi ya stendi. Anayekuja ndiye aseme jina, umri, nguo na alama. Asipoweza, na mtoto asipomkimbilia, hapewi hata akilia machozi.

Mtoto asiondolewe alipoonekana kwa dakika 10 za mwanzo, kwa sababu mzazi hurudia njia aliyopita. Akae na watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke, mahali panapoonekana na wote; msimfungie chumbani. Mpe maji. Muulize mambo madogo: nyumbani mnalala na nani, kaka anaitwaje, mlipanda gari la rangi gani. Mwambie mlinzi wa geti aangalie kila mtu mzima anayetoka na mtoto. Zikipita dakika 30 bila mwenyewe, pelekeni taarifa kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na ofisi ya ustawi wa jamii. Namba ya msaada kwa watoto ni 116, haikati pesa. Picha yake isiende kwenye makundi ya WhatsApp. Ikishatoka hairudi, na mtoto atakuwa nayo mpaka ukubwani.

Pantoni ina nyongeza moja. Akipotea mtoto upande wa Kitunda au Msangamkuu, mwambie kwanza mhudumu wa geti azuie pantoni isiondoke mpaka abiria waangaliwe. Kutafuta kuanze ukingoni mwa maji, halafu ndiyo kuende madukani.

SWALI: Sisi vijana wa ulinzi shirikishi huwa wa kwanza kufika kwenye ajali kabla ya trafiki. Tusimamishe magari vipi? Majani tunayoweka madereva wanayapita. (Kikundi cha kijiji, barabara ya Mingoyo–Masasi)

JIBU: Madereva wanayapita kwa sababu yako karibu mno. Hesabu ni hii. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva mzima, asiyelala, anahitaji kama sekunde moja na nusu kuona na kuamua. Hiyo ni mita 33 kabla mguu haujagusa breki. Lami ikiwa kavu, gari dogo linaongeza mita 40 na zaidi ndipo lisimame. Lori lililojaa korosho, tena kwenye mteremko, linahitaji nafasi zaidi ya hiyo. Kwa hiyo alama ya kwanza iwe mita 100 kutoka kwenye ajali, na 150 au zaidi kama mvua inanyesha au ni usiku. Hatua za mtu mzima ni kama 130 kufikia mita 100. Zihesabu, usikadirie, maana ukiwa na hofu hatua 40 utaziona nyingi.

Kwenye kona, mita hazina kazi kama alama imewekwa baada ya kona. Iwekwe kabla. Kwenye kilima iwekwe upande wa pili wa kilele, pale dereva anapoanza kupanda. Wanaopanda kwenda Newala wanajua tunachosema.

Mtu wa kuongoza magari awe mmoja kila upande, na kati yao awepo wa tatu anayewaona wote wawili. Bila huyo wa tatu, pande zote mbili zinaruhusu kwa pamoja na mnapata ajali ya pili. Kama hamna redio kolu, tumieni kitu cha kupokezana: gari la mwisho kupita linapewa kijiti au tawi, likifika upande wa pili linakabidhi, ndipo upande huo unafungua. Ni njia ya zamani, na haiishiwi chaji.

Simama pembezoni, uso ukiyatazama magari yanayokuja, wala usiyape mgongo kwa ajili ya kuangalia majeruhi. Kizibao cha kuakisi mwanga kivaliwe juu kabisa. Ukikivaa chini ya koti la mvua hujavaa kitu. Usiku tochi imulike chini mbele yako na kwenye kizibao chako, kwani ukimmulika dereva machoni humsimamishi, unampofusha. Kabla hujaingia barabarani amua utakimbilia wapi dereva asiposimama: mtaro upi, mti upi.

Magari yaliyogongana yasisogezwe kabla hayajawekewa alama, labda kama kuna mtu amebanwa au moto. Chora kwa chaki au panga mawe madogo kwenye kila tairi, piga picha kutoka pembe nne, picha moja ionyeshe alama ya kudumu kama daraja au nguzo ya kilomita. Majeruhi aliyezidiwa aende hospitali kwanza, ndugu au askari watafuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Polisi ni 112, zimamoto 114. Ukipiga, taja kijiji, upande wa barabara na idadi ya majeruhi kabla hujaanza kusimulia.

Likianguka lori la mafuta, kazi yenu ni moja: watu wakae mbali, kuanzia mita 100 na kuendelea, upande upepo unakotokea, na simu zote, sigara na pikipiki zizimwe. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa pale lori la petroli liliposhika moto wakati watu wanachota. Hapo hakuna kijana wa ulinzi anayeweza kuzuia umati kwa fimbo. Mwombeni mwenyekiti wa kijiji na wazee waje, maana watu watamsikiliza anayewajua kwa majina.

Mkimaliza, ondoeni majani. Matawi yaliyokauka barabarani siku mbili baada ya ajali ndiyo yanayomfundisha dereva kuyadharau ya kesho.

SWALI: Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga nilikwama na mabasi mengine mengi. Hakukuwa na wa kuuliza. Mhudumu raia angefanya nini pale? (Msomaji, Nangurukuru)

JIBU: Angefanya mengi, na yote hayahitaji cheo. Kwanza angepanga maegesho: magari upande mmoja tu, nafasi ya gari la wagonjwa na la matengenezo ibaki wazi. Foleni ikishajaa pande zote mbili, hata mitambo ya TANROADS, wakala wa barabara, haiwezi kufika panapotengenezwa.

Pili angepita basi kwa basi na orodha ya abiria, akiandika wanaohitaji kutazamwa: wajawazito, wachanga, wenye kisukari, wanaotumia dawa kwa saa maalumu, waliobeba maiti au mgonjwa. Orodha hiyo ndiyo inayoamua nani avushwe au arudishwe kwanza, badala ya mwenye sauti kubwa. Anayeamua kuondoka kwa mguu au kwa bodaboda aandikwe jina, namba ya simu na saa, vinginevyo ndugu zake watamtafuta kwenye maji.

Tatu, angetoa taarifa kwa saa maalumu, tuseme kila baada ya saa mbili, hata kama hakuna jipya. Kusema "bado, nitarudi saa kumi" na kurudi saa kumi kunapunguza ugomvi kuliko habari njema ya kubahatisha. Ahadi ya "nusu saa tu" isitoke mdomoni mwake. Angeuliza pia maji ya kunywa yanauzwa wapi na choo kiko wapi, kwa sababu watu mia tano wakijisaidia kando ya maji ya mafuriko, kipindupindu hakipigi hodi.

SWALI: Mpiga debe akianza fujo naruhusiwa kumkamata? Na dereva akinipa faini yake nimpelekee trafiki? (Kijana wa zamu, Nachingwea)

JIBU: La pili kwanza: usiguse. Faini ya barabarani inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa simu au benki. Fedha taslimu ikishapita mkononi mwako ina jina lingine, na namba ya TAKUKURU ni 113.

Kukamata, sheria inamruhusu mwananchi pale kosa la jinai la aina zilizotajwa linapotendeka mbele ya macho yake, kwa sharti la kumkabidhi mtuhumiwa polisi bila kuchelewa. Kupiga, kumfunga kamba, kumvua nguo au kumzungusha stendi hakumo, na ukifanya hivyo mshtakiwa utakuwa wewe. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke.

Lakini fujo nyingi za wapiga debe si za kukamatana. Simama kidogo pembeni yake, usimkabili kifua kwa kifua, umbali wa mkono mmoja na nusu. Mwache awe na njia ya kuondoka. Aliyezibiwa mlango hupigana hata kama hakutaka. Aongee mmoja wenu tu. Mwite kaka, mtoe mbele ya wenzake kwa kisingizio chochote, "njoo hapa nikuulize kitu", kwa kuwa akiwa na watazamaji hawezi kushuka. Akiwa amelewa, sentensi zako ziwe fupi na uzirudie zilezile. Akishika chupa au kisu, rudi nyuma, ondoa abiria, piga 112.

SWALI: Naweza kuvaa kombati ili abiria waniheshimu? (Kilwa Masoko)

JIBU: Hapana. Kuvaa sare ya jeshi au polisi, au inayofanana nayo, bila kibali ni kosa la jinai. Vaa kizibao chenye maandishi ya kazi yako mgongoni na kitambulisho chenye picha kifuani, kigeuzwe upande wa jina.